Mahamri Hayakugeuka Maua

Mama hakuniachia shamba. Aliniachia picha
ndogo kama kadi ya kliniki, pembe zimelika:
mwanamke mwenye aproni, funguo kiunoni.
Zita wa Lucca. Aliingia kazini na miaka kumi na miwili,
akatoka kwa jeneza.

Miaka arobaini na minane, nyumba ile ile.
Kuni zile zile, mawe ya ngazi yale yale kwa goti.
Watumishi wenzake walimchukia kwa kuamka mapema,
wakamsengenya, wakampiga, naye akanyamaza.
(Hapo ndipo mimi na yeye hugombana.)

Picha aliitoa Bi Ermelinda, Mgoa wa Kizingo, ghorofa ya tatu,
Krismasi ya kwanza ya mama, badala ya bakshishi.
“Mkawasi,” alisema, “soma maisha ya huyu,
hutaniomba nyongeza.”
Mama, binti wa Bura aliyefika darasa la nne,
alisoma polepole, kidole kikifuata mstari,
akafika mahali ambapo bibi yake, nadhani, hakufika:
kwamba Zita alikuwa akibeba mkate wa tajiri
kuwapelekea wenye njaa,
na siku bwana alipomshika mlangoni, “Una nini humo?”,
alifungua aproni, yakamwagika maua.

Basi mwaka wa ukame, watu wamelala vibarazani Mwembe Tayari,
mama alifunga mahamri tisa kwenye pindo la leso
akashuka ngazi.
Ghorofa ya pili akakutana na Bi Ermelinda anapanda,
mkononi rozari, kwapani kapu la sokoni.
“Mkawasi. Umebeba nini?”

Mama alifungua fundo.

Mahamri hayakugeuka maua.
Yalikuwa mahamri, tisa, mawili yamepondeka,
iliki ikinukia ngazi nzima
mpaka jirani akachungulia.

Mama aliniambia hakuomba muujiza,
aliomba tu magoti yasitetemeke, nayo yakatetemeka.
Bi Ermelinda aliyatazama kwa muda mrefu.
Kisa alikijua; picha aliinunua mwenyewe.
Angesema “mwizi” angelisema mbele ya watu wawili,
mmoja wao amekufa zamani na kanisa linamwombea kwaye.
Akajibana ukutani. “Pita.”

Kesho yake kabati la unga lilikuwa na kufuli.
Keshokutwa ufunguo ulikuwa mezani,
kando ya mbao ya kusukumia chapati, bila neno.
Ulikaa kiunoni mwa mama miaka kumi na tisa.
Mshahara haukupanda hata shilingi.

Sasa ni mimi, Wakesho, mwenye daftari.
Jumapili baada ya misa ya pili tunakaa nyuma ya kanisa, Mikindani,
wanawake ishirini na watatu, mikono inanuka sabuni ya unga:
nani halipwi, nani analala jikoni,
nani kashikiwa kitambulisho.
Padri anapita, anatukumbusha subira ya Zita.
Namwambia, Padri, subira tunayo ya kuuza.
Tukumbushe na mkate.

Lakini sitamtupa. Nikipoteza funguo bado namwita,
na funguo hupatikana, mara nyingi mfukoni.
Na tarehe ishirini na saba Aprili,
kule kwao wanampelekea maua ya manjano,
sisi tunaleta asumini kutoka Kongowea
na beseni la mahamri, lililo wazi, bila kitambaa,
apitaye achukue.

Mwaka huu Mbodze, mdogo wetu, ana kazi miezi miwili,
aliishika picha akaigeuza, akaangalia nyuma
kama anatafuta bei.
“Dada, huyu Zita, siku ya mapumziko alikuwa nayo?”

Nilijua sala yake, nilijua jina la ukoo wa tajiri wake.
Hilo sikulijua.
Nililiandika daftarini chini ya dai la tatu,
nikaacha mistari miwili mitupu,
nikamwongezea Mbodze hamri.