Shimo la Saba

Saa kumi na moja alfajiri nafungua maji.
Mabomba yanakohoa kwanza, kama babu zetu,
kisha yanatema mvua juu ya nyasi
ambazo hazikuomba kuzaliwa hapa.

Huku Montana, chini ya mlima usiovua theluji hadi Juni,
palikuwa na matanuri kumi na manne ya shaba.
Sasa pana mashimo kumi na manane
na dohani moja
ambayo hakuna aliyethubutu kuiangusha.

Sheria ya kwanza niliyofundishwa kazini:
usichimbe kupita shubiri mbili.
Chini ya nyasi pana udongo wa kuletwa kwa malori,
chini ya udongo, chokaa,
chini ya chokaa, asema meneja, ni mambo ya kale.
Aseniki na risasi zimelala humo
kama wageni waliokataa kuaga.
Hapa hata mzizi hufundishwa adabu.

Wachezaji hutoka Denver, wengine Osaka,
wakauona mchanga wetu, mweusi tii,
unang'aa kama jicho la kunguru.
Wananiuliza: ni wa volkano gani?
Nalipwa kutabasamu, nami natabasamu.
Ni mavi ya shaba,
alichokisaza tanuri baada ya kula mlima.

Baba yangu, Stipan Marušić, hakuwahi kushika fimbo ya gofu.
Miaka thelathini na mmoja alishika koleo.
Jumapili nilimpakia kwenye kigari cha umeme
hadi shimo la saba, lilipokuwa tanuri namba tatu,
akashuka, akanyoosha mkono nyuma
akitafuta ukuta wa kuegemea.
Mkono ukapita hewani.
"Hapa tulikula mkate," alisema.
"Pale Eino aliungua. Alicheka kwanza, akalia baadaye."

Siku moja kijana mwenye kofia nyeupe
alinaswa mchangani.
Akapiga mara nne, mara tano,
mpira ukipanda na kuporomoka,
akautukana mchanga tusi
ambalo kwetu halitamkwi mbele ya mama.
Baba akavuka kamba.
Akainama, magoti yakilia,
akateka ukufi, akaupuliza
kama mtu anayepoza uji wa mtoto.
"Taratibu," akamwambia.
"Huu niliupika mimi."

Kijana alivua kofia. Sijui alielewa nini.
Akapiga tena,
na mpira ukamrudia miguuni.

Baba alikufa Februari, ardhi ikiwa chuma.
Aliomba azikwe pale saba.
Kampuni ilijibu kwa barua fupi, yenye heshima,
ikanikumbusha zile shubiri mbili.
Basi tukampandisha makaburi ya Wakroati,
kwenye upepo, karibu na mama.
Mfukoni mwa koti lake nilitia mchanga mweusi.
Huo hakuna aliyeupima.

Leo kulungu wamepita usiku, watatu, labda wanne.
Wamelala katika mchanga wa saba,
wakaparua kwa kwato, wakachimba watakavyo
bila kibali cha mtu.
Kazi yangu ni kufuta kabla ya saa moja,
kabla ya gari la kwanza kupanda kilimani.
Mlango wa chumba cha zana u wazi, maji yanazunguka,
ukungu unaiacha dohani polepole, kuanzia juu.

Nimesimama na reki mkononi.
Nimeiegemea,
pale palipokuwa na ukuta.