Nafasi Namba Saba

Gari langu ni jeusi, na weusi hauna siri.
Asubuhi moja tu ya vumbi la Kiamunyi
linaandikika kama ubao wa darasani,
na mwandishi wangu alikuwa na nyayo nne.

Alianzia boneti, akapanda kioo, akateleza.
Hapo alipoteleza ndipo penye kesi:
mistari mitatu, mirefu, sambamba,
imezama hadi rangi ya chini,
rangi ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuiona
ingawa ninailipia sacco, miezi arobaini na minane.

Nikagonga kwa Bi Kobilo kabla ya chai.
"Paka wako," nikasema.
"Ana jina. Anaitwa Saruji."
"Saruji wako amenikwaruzia gari."
"Ulimwona?"
Nikamwambia vumbi limemwona.

Maneno yakapanda ghorofa.
Nilitaja nywele kwenye ngazi, mkojo kwenye matairi;
naye akaitaja honi yangu ya saa kumi na moja alfajiri,
mwanangu na mpira wake,
na kwamba gari si mtoto, halilii.
Gathogo, mlinzi wa ploti, akasimama katikati
ameshika ufagio kama rungu la spika,
akahukumu: paka hana leseni,
mwenye paka ndiye dereva.
Fundi wa rangi kule Shabab alitaka elfu kumi na nne.

Tangu hapo, kila Ijumaa jioni simu yangu hulia:
umepokea shilingi mia mbili kutoka kwa KOBILO.
Mia mbili. Nikapiga hesabu: wiki sabini.
Nikazipokea. Sitajipamba hapa, nilizipokea,
na za wiki ya pili nilinunulia matumbo.

Lakini paka hajui Ijumaa.
Kila nikirudi, injini ingali inapumua joto,
hushuka ngazi taratibu kama mwenye nyumba
akajikunja palepale, juu ya kidonda cha rangi.
Nilimwaga maji ya limau. Nilitandaza maganda ya machungwa.
Nilimrushia ndala, ikavunja taa ya indiketa.
Hiyo sikumwambia mtu.

Mwishowe nikahamia nafasi ya tatu, chini ya tangi,
nikakaa dirishani na soksi mbilimbili,
baridi ya Julai ikiteremka kutoka Menengai.
Saruji akashuka.
Akalipita gari langu, joto lote lile,
asiligeuzie hata sharubu.
Akaenda namba saba, patupu,
akalala juu ya doa la oili
lisilokuwa langu. Gari langu halivuji.

Nikamuuliza Gathogo.
"Doa la pijo," akasema. "Pikapu ya marehemu, yule mwashi.
Paka huyu alikuwa wa kuenea kiganjani.
Alikuwa akirukia boneti kabla mzee hajazima.
Waliiuza kulipa hospitali. Haikutosha."

Sikwenda kuomba radhi; ulimi wangu haujui njia hiyo.
Nililirudisha gari namba saba,
nikalitandika boneti blanketi kuukuu la mtoto.
Gathogo akauliza. Nikasema ni la umande.

Ijumaa simu ikalia. Mia mbili.
Nikairudisha.
Dakika tano, hiyo hapo tena kwangu.
Nikairudisha. Ikarudi.
Sijui sasa ni wiki ya ngapi tunarushiana,
anayenenepa ni mwenye kukata ada,
na kati ya mlango wake na wangu
ngazi ni kumi na moja, hakuna aliyezivuka.

Asubuhi nagonga boneti mara tatu,
kama anayebisha hodi kwake mwenyewe.
Huamka, hujinyoosha, hunitazama,
mimi mwenye funguo, mwenye haraka,
nisiye yule,
kisha hushuka, kwa kucha,
upande ambao blanketi halifiki.