Daftari la Michikichi

Marehemu Feruzi bin Mlekwa hakuacha nyumba.
Aliacha michikichi kumi na tisa bondeni Luiche
na karatasi moja, kwa mwandiko wa kuazima:
mawese yake wapewe maskini wa Ujiji
kila mwaka, kabla Ramadhani haijaandama,
kibaba kwa kichwa,
na asiulizwe mtu jana alikula nini.

Sasa imebaki kumi na mitatu.
Miwili ilipigwa radi, mmoja uliliwa na mto,
mitatu hakuna anayejua ilikokwenda,
na anayejua ana shamba jirani.

Mimi ndiye mshika daftari.
Sina cheo. Nina kalamu na ufunguo wa kabati
ambalo mchwa nao wana ufunguo wake.

Kamati hukaa Alhamisi, watu watano jamvini.
Maskini hukaa nje, wameegemea ukuta,
kila mmoja na chupa yake.
Tunawapima kabla ya kuwapimia.

"Tabu binti Kabwe? Nimemwona na bati jipya."
"Mawili tu, ya jikoni."
"Bati ni bati."
Nikakata.
"Yule wa Rusimbi ana mtoto Mwanza."
"Mtoto haleti salamu, sembuse senti."
"Lakini yupo."
Nikakata.
Kalamu ni nyepesi. Ndiyo ubaya wake.

Akatajwa Ntibakazi.
Anafulia watu nguo Kasimbu, mwaka wa kumi na mmoja huu,
vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa majini.
"Huyu kwao Heru Juu," akasema mwenyekiti.
"Wasia unasema maskini wa Ujiji.
Kila mji na ubebe wake."
Wakaitikia kwa vichwa.
Changu nacho kiliitikia
kabla sijakiuliza.

Nikarudi kurasa za nyuma kutafuta kanuni.
Zamani wino ulikuwa haba;
asiyejua kuandika alichovya dole gumba
katika mawese yake mwenyewe
akalibandika mbele ya jina.
Mafuta hayana adabu ya wino.
Yamepenya karatasi baada ya karatasi,
dole la mwaka ule limetokea mwaka uliofuata,
duara la rangi ya ganda la chungwa
limekaa juu ya majina ya watu wengine.

Ukurasa wa saba:
*Zaituni, mjane, ametoka ng'ambo ya ziwa.
Mtoto mmoja. Kibaba na nusu.*

Mtoto mmoja.
Nilibeba ile chupa ndani ya shati la shule
ili wenzangu wasiione,
ikavuja njia nzima.
Mama alilifua shati mara tatu kwa jivu na ndimu.
Nililivaa na doa lake mpaka darasa la sita,
nimekumbatia madaftari kifuani
kama mwanafunzi mwenye bidii sana.

Ningesema. Pale pale ningesema:
huyu mjane wa ng'ambo alipewa, tena na nusu juu,
na nusu yenyewe ndiyo hii inayowasomea majina.
Nikakohoa.
Nikaandika: *Ntibakazi, Kasimbu.*
Heru Juu sikuiandika.
"Umemaliza huyo?" akauliza mwenyekiti.
"Nimemaliza," nikasema, nikafunua ukurasa.

Tabu binti Kabwe aliondoka na chupa tupu.
Hilo nalo liandikwe mahali.

Ntibakazi alikuwa wa mwisho kupimiwa.
Chupa yake haikuwa na kizibo;
akatoa gunzi mfukoni, akalisokomeza,
mawese yakamfurika mpaka kwenye kiganja.
Nikamsogezea kalamu.
Akaitazama, akanitazama,
akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua
aweke dole wapi.

Nikamwonyesha.
Akakandamiza kwa nguvu,
kama anayezuia kitu kisimwagike.