Kiti cha Nerina

Kule Trieste kuna upepo uitwao Bora,
nao hauna ubora wowote:
hung'oa vigae, huwavua watu kofia,
huwafungia wastaafu ndani na santuri zao.

Fulvio, aliyekuwa fundi umeme wa bandari,
ana spika mbili ghorofa ya nne,
na kati ya hizo mbili hamna kitu
ila rafu fupi na paka.
Lakini akikaa kitini pake,
mgongo wima, kichwa kisiyumbe,
mwimbaji husimama pale pale pasipo kitu,
unaweza kumnyooshea kidole:
hapa kinywa,
hapa pumzi inayotangulia neno.

Miaka thelathini na mmoja akimwuliza Nerina,
"Unamsikia? Katikati!"
Na Nerina, kiti cha kushoto, chini ya taa,
akifuma soksi asiinue macho:
"Ndiyo. Katikati."

Januari hii alipoteza miwani.
Akaitafuta rafuni, akaitafuta bafuni,
akachoka, akajitupa kwenye kiti cha mkewe
santuri ikiwa bado inazunguka.

Mwimbaji wake hakuwepo.
Alikuwa amesokomezwa kwenye boksi la kushoto
kama mgeni aliyebanwa na mlango,
kinanda kimemlalia mgongoni,
na kule mbali, kulia,
vumbi tu la fidla.

Alikaa hadi upande wa pili ukaisha.
Miwani ilikuwa chini ya makalio yake.

Hakusema neno. Alishuka stoo,
akatwaa droo ya kabati la mama mkwe,
mbao ya mjozi, nzito, isiyotetemeka ovyo,
akatoboa duara, akapachika spika ya tatu.
Waya: kidogo cha kushoto, kidogo cha kulia,
vikutane humo ndani vipatane.

Jaribio la kwanza, aibu.
Bendi nzima ilisinyaa,
watu tisa chini ya mwavuli mmoja.
"Wa katikati hapayuki," alijikaripia,
akapunguza, akapunguza tena,
mpaka ikawa ukiizima ndipo unajua ilikuwepo.
Zile mbili akazitanua,
moja ikaenda kuishi na makoti.

Jioni, sindano za Nerina zilisimama.
"Kumbe," akasema, "ana kinywa."

"Miaka yote hiyo ulisema ndiyo!"

"Wewe ulikuwa unamsikia.
Mtu mmoja akisikia, nyumba imesikia."
Akahesabu vitanzi vyake, akapoteza hesabu,
akainuka kwenda kuteleka kahawa.

Fulvio akafumba macho.
Slipa zikapita mbele ya muziki,
kushoto, katikati, kulia, jikoni,
na sauti haikumfuata.
Ilibaki pale pale juu ya paka,
naye paka, kwa mara ya kwanza,
akageuka kutazama nani anaimba.