Hatua ya Kwanza Nyuma

Daftari langu la alama lina safu kumi na mbili
na hakuna hata moja ya kuandika mtu anayesubiri.
Ndiyo maana Anyosisye Mwakibinga
anaonekana humu mwembamba kuliko alivyokuwa:
mipira aliyodaka, mipira aliyopiga,
na msimu ule wa goti, nukta tupu.

Alianzia Uyole, kwenye kiwanja kilichokuwa shamba la viazi,
ambako matuta yalikataa kufa
na mpira ukidunda ulijichagulia njia.
Mwalimu mgeni alimpa glavu ya mkono usio wake,
akamtuma mbali, nyuma kabisa, kwenye magugu,
mahali wanapopelekwa wasiojua.
Akajua.

Miaka tisa alilipwa kusimama mbali.
Ng'ambo, katika mji wa viwanda wenye theluji,
jina lake walilitamka kama wanatafuna fundo la muwa.
Alituma fedha; bati la nyumba ya mama yake
likang'aa hadi Igawilo wakaliona.
Alituma na picha: yeye, ukuta,
na mpira umetua kwenye glavu kama ndege aliyechoka.
Hakutuma picha ya siku ukuta ulipokataa kusogea.

Alirudi na mguu unaotabiri mvua.
Watu wa Mwanjelwa wakamuuliza: besiboli ni mchezo gani,
mtu anakimbia mduara mzima ili arudi alikotoka?
Akacheka. "Si ndicho nilichofanya?"

Akawa kocha. Maneno yake yalikuwa machache:
Usiutafute mpira, sikiliza gongo.
Likilia kavu, kama shoka kwenye mlingoti, huo unakwenda mbali.
Likilia bubu, kama ndizi iliyoanguka kwenye majani, njoo mbele.
Usipojua, hatua ya kwanza ni nyuma.
Aliyewahi mbele huutazama mpira ukimpita kichwani
kama jina la mtu mwingine likiitwa.

Kisha meneja. Mungu wangu, umeneja!
Barua za kuomba uwanja, risiti za nauli ya Iringa,
magunia mawili ya viazi kwa ajili ya kambi,
na kila wiki mzazi mmoja anayetaka kujua
lini mchezo huu utamlipia mwanawe ada.
Kila Ijumaa karatasi ya majina tisa,
na macho ya wa kumi.

Wiki ya fainali wa kumi alikuwa Lugano,
mpwawe, aliyelala kwake, aliyekula kwake.
"Mkono wako unarusha kabla haujadaka," alimwambia,
akanisomea majina niyanakili.
Kalamu yangu ilisita. Sauti yake haikusita.
Usiku ule, nasikia, ugali uliliwa bila neno.

Siku yenyewe ukungu ulishuka kutoka Loleza
ukameza mlima, ukameza magoli ya uwanja wa jirani,
ukammeza mlinzi wetu wa nje akiwa amesimama.
Refa anatazama saa. Mpigaji wa Mafinga akapiga.
Hakuna aliyeona kitu.
Kavu. Shoka kwenye mlingoti.

Na pale benchi nikamwona meneja,
koti la kuazima, faili kwapani,
mguu mbovu ukirudi nyuma, hatua moja,
mkono wa kushoto ukifunguka.
Kando yake Lugano, amenuna tangu asubuhi,
hatua ile ile, mkono ule ule.
Hawakutazamana.

Ndani ya ukungu mtu alipiga kelele.
Ameudaka au ameanguka,
hatukujua kwa muda wa pumzi tatu.

Matokeo niliyaandika; yamo, ukurasa wa arobaini,
anayetaka aje asome.
Lakini pembeni, mahali pasipo na safu,
niliweka alama mbili ndogo za kalamu, zimekaribiana,
na tarehe.