Tofauti ya Mia Mbili na Sabini

Mbili nakupeni bure, darasa la tano:
tazameni mkia wa namba,
ukiwa shufwa, imekubali.
Tano nayo haina makuu, sifuri au tano mwishoni, basi.
Kumi msiniulize.
Nne huangalia wawili wa nyuma tu;
waliotangulia, wawe elfu, wawe laki, haiwajui.

Kwa tisa, wekeni kalamu chini.

Tisa haitazami mkia.
Huita ukoo mzima,
huwavua vyeo wa mamia na wa makumi,
ikawajumlisha kama watoto wa chuoni, jamvi moja.
Jumla yao ikigawika kwa tisa
namba nzima itagawika, isibaki hata punje.

Mimi nilifundishwa Jumatatu. Alhamisi ikanihitaji.

Ulikuwa msimu wa vuli, hapa hapa Chwale.
Vidole vyangu vya miaka kumi na moja
vilikuwa vyeusi kwa kuchambua makonyo.
Baba, Shaame Ngwali, mwandishi wa kituo cha karafuu,
alirudi magharibi, hakuvua kofia.
Ghalani mizani ilisema kilo 5,472.
Daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe, 5,742.
Magunia yako wapi, Shaame?

Mia mbili na sabini.
Kwa bei ya mwaka ule
ni bati la nyumba mbili na mahari ya mtu.
Kabla ya isha habari ilikwisha fika Kangagani.
Bi Mize wa dukani alimpimia mama sukari
huku akimtazama mikono.
Pakasemwa, Shaame siku hizi ananawiri,
na baba, jamani, alikuwa mwembamba kama rula.

Nikachukua kikonyo, nikaandika kwenye vumbi la ukumbini:
2, 7, 0.
Mbili na saba, tisa. Na sifuri, tisa.
Nikasikia kama komeo linafunguka.
Maana Mwalimu Mbwana alitwambia, kwa kupitia tu,
mgongo katupa sisi, anafuta ubao,
kuwa tarakimu mbili zikibadilishana viti
tofauti hugawika kwa tisa, siku zote.
Hamsini na tatu toa thelathini na tano, kumi na nane.
Tisini na moja toa kumi na tisa, sabini na mbili.

"Baba, nne na saba. Zimekaliana viti."

Hakunijibu. Alitafuta kurunzi.

Sasa msije mkadhani tisa ni shahidi.
Mwizi naye aweza kuiba mia mbili na sabini kamili,
na tisa ikaugawa wizi wake bila ya baki.
Tisa hunyoosha kidole: tafuta hapa.
Kutafuta ni juu yako.

Tulitafuta. Stakabadhi mia na kumi na nne,
betri zimechoka,
mimi nasoma, yeye anajumlisha,
mbu wanakula wote wawili sawasawa.
Alfajiri jumla ikatoka: 5,472.
Alikuwa amenakili kutoka kipande cha karatasi
huku mtu anamwita nje.

Mkubwa wa kituo alisema, "Ahaa."
Hilo tu. Ahaa.
Bi Mize alimzidishia mama kijiko cha sukari,
mama akakimimina palepale juu ya meza yake.
Na baba, mpaka anastaafu,
alikuwa akiandika namba, anaifunika kwa kiganja,
anaisoma upya, tarakimu moja moja,
kama anayepita penye mbwa aliyekwisha mng'ata.

Ndiyo, Raya? Saba?
Saba haina mlango wa uani.
Zipo njia za kuizunguka, ndefu kuliko safari yenyewe.
Saba, mwanangu, gawa.

Haya, fungueni madaftari.
Jumlisheni tarakimu za namba ya mizani.
Kisha za namba ya daftari.
Nani kamaliza?
Kumi na nane. Na kumi na nane.
Ya kweli inagawika kwa tisa, ya kosa inagawika kwa tisa,
na ukiziangalia hivyo hazina tofauti hata chembe.
Niandikieni kwa nini.
Msifute mnapokosea. Nataka kuona.