Wa Mia na Hamsini

Karani Thibodeau anavua miwani, anaivaa tena.
"Mia na hamsini, Bwana Pelkey. Haipungui hata moja."
Saa kumi na dakika arobaini.
Kumi na moja wanafunga.

Wino mwekundu unapita:
huyu kahamia Vermont,
huyu wa chama kingine,
huyu kaandika Bucky, jina la utani,
na huyu, Lucille, mke wangu,
aliyetia saini Jumatatu
tukamzika Ijumaa.

"Marehemu hamdhamini mtu," ananiambia,
kalamu imesita.
Mia na arobaini na tisa.

Nje theluji inafukia nyayo zangu,
mlango kwa mlango.

Mfagizi anaegemeza ufagio,
anajifuta mikono surualini:
"Nimeandikishwa kata ya pili.
Lete hapa.
Kura sikuahidi. Saini tu."